Tulikwenda Lindi Kuishusha Marekani

Tangu nirudi sina raha. Nikienda kisimani naulizwa, nikitwanga naulizwa. Hata juzi msibani, mama mmoja alinisogelea khitma haijaisha, akaninong'oneza: "Somoe, hivi ilikuwaje? Mlitumwa kuishusha Marekani, mkarudi mmeipandisha?"

Nimesimulia mpaka koo limekauka, na kila nikisimulia Baba Mdogo Mtauka yuko pembeni anaongeza chumvi. Basi nimeona niandike. Kuandika kwenyewe nimejifunza ukubwani, katika darasa letu la watu wazima hapa Kikole. Mkikuta herufi zimeinama mnisamehe. Habari zenyewe zimesimama wima.

Kwa rafiki zangu mlio mbali, mambo yalianza hivi. Mkoa uliandaa mdahalo wa madarasa ya watu wazima, na sisi Kikole tulikuwa tumewashinda wenzetu wa Kilwa kwa kubishana habari za ufugaji wa kuku. Kumbe huko Lindi hawakutaka kuku. Hoja ilikuwa nzito: Marekani inashuka, China inapanda. Mjumbe aliyeletwa na baiskeli ya kuazima alisimama mlangoni mwa darasa, akatuambia kwa mdomo kwamba sisi tutasema Marekani inashuka, na kwamba watakaoshinda watapewa baiskeli mbili.

Sikuwaona watu wakishangilia. Wote walimtazama Mwanahamisi. Masika yale tulikuwa tumembeba Mwanahamisi kwa machela kwenda zahanati, uchungu umemshika, mvua juu, tope chini. Yeye alifika. Mtoto hakufika. Tangu siku ile neno baiskeli kijijini kwetu halikuwa neno la mchezo.

Walichagua watu wawili. Msemaji mkuu alikuwa Baba Mdogo Mtauka, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye akisema "habari za asubuhi" watu wa mtaa wa pili wanaitikia "nzuri". Msemaji wa pili nilikuwa mimi. Kazi yangu, walivyoniambia, ni kuunga mkono atakayoyasema, na kuangalia asisahau kula.

Kikole hadi Kivinje, kwa miguu

Tulitoka kwa miguu, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na kikapu kichwani. Ndani ya kikapu mlikuwa na mihogo ya kuchoma, chumvi, na doti moja ya kanga mpya ya kuvalia Lindi. Baba Mdogo alikuwa ameihifadhi hotuba yake kichwani, na njia nzima aliihutubia misitu. Kunguru waliruka. Ngedere walikaa kimya wakasikiliza.

Kila tuliyekutana naye aliuliza tunakokwenda, na Baba Mdogo hakuwa mtu wa kuficha.

"Tunakwenda Lindi."

"Kuna nini Lindi?"

"Tunakwenda kuishusha Marekani."

Wengi waliishia kusema "haya, Mungu awatangulie" na kuendelea na safari zao. Ila mzee mmoja tuliyemkuta amekesha kwa sababu ya nguruwe wa porini waliomlia mihogo, alitutazama kwa macho mekundu, akasema: "Mkimaliza na huyo Marekani, rudini na huku mniondolee nguruwe."

Nilicheka mpaka kikapu kikayumba. Baba Mdogo hakucheka. Alisema mwanakijiji asiyeona mbali hawezi kuona na karibu. Yule mzee akamjibu kwamba yeye karibu anapaona vizuri sana, pameliwa.

Kivinje, kwa Bi. Mwanaisha

Kivinje tulifikia kwa Bi. Mwanaisha, nyanya yangu upande wa mama, anayekaa nyumba ya mawe isiyo mbali na boma la Wajerumani. Masikio yake yamechoka kidogo, lakini mikono haijachoka. Alitupikia pweza wa nazi na wali, na tulipokuwa tunakula akauliza kilichotutoa Kikole.

"Marekani inashuka, Mama," alisema Baba Mdogo kwa sauti yake ile.

Bi. Mwanaisha aliweka chini kata ya maji. "Imeshuka? Marekani imeshuka?"

"Inashuka kila siku."

"Alhamdulillahi!" Akainuka pale pale, akaenda dirishani kumwita jirani. "We mama Rukia! Pita dukani kwa Hashimu, mwambie anikatie marekani ya sanda, na ya shuka mbili, kabla watu hawajasikia!"

Nyinyi mnajua marekani ni nini. Ni ile nguo nyeupe nzito, ambayo bibi zetu waliivaa kabla ya kuijua kanga, na ambayo mpaka leo mtu mzima wa pwani huiweka sandukuni akiingoja siku yake. Nilitaka kumweleza, lakini nilikuwa na pweza mdomoni, na kabla sijammeza, Bwana Hashimu mwenye duka alikuwa amekwisha kufika mlangoni, amevaa kiatu kimoja, hasira zimemjaa.

"Bibi, shikamoo. Nani aliyekwambia marekani imeshuka bei? Mtaa mzima umehamia dukani kwangu!"

"Marahaba. Ni huyu mgeni wangu, katoka Kikole na habari."

Baba Mdogo akalazimika kueleza upya kwamba yeye hakusema nguo, amesema nchi. Nchi ya Marekani. Inashuka, na China inapanda. Bwana Hashimu akatulia, akakubali kikombe cha kahawa. Alipokwisha kunywa akasema kwamba kwa kweli nguo ile haijafika kutoka huko Marekani kwa miaka mingi. Anayouza sasa imefumwa Dar es Salaam, kwenye kiwanda walichotusaidia Wachina.

"Unaona, Mama?" Baba Mdogo akashangilia. "Nguo ni ya Mchina!"

"Nguo ni marekani," alisema Bi. Mwanaisha. "Hata ikifumwa na majini, ni marekani. Mimi nitakwenda kaburini na marekani." Halafu akamgeukia, akauliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua: "Na hiyo nchi mwanangu, ikishuka, inashukia wapi?"

Baba Mdogo Mtauka akasogeza sahani yake. Akaomba aongezewe wali.

Mbwemkuru, mto uliotufanya kijiji

Kutoka Kivinje tulipanda lori la chumvi. Dereva alikuwa Masudi, mtu wa Mchinga, mwembamba, mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi. Lori lake lilitengenezwa Marekani. Lilikuja zamani za ukoloni, Wazungu walipotaka kulima karanga kusini kote, karanga zikawakataa, wakaondoka, magari yakabaki. Masudi alikuwa amelitengeneza mara nyingi mpaka cha asili kilichobaki, kwa maneno yake, ni honi na ukaidi.

Tulikaa juu ya magunia ya chumvi, abiria na kuku wao. Tulikwenda vizuri mpaka Mbwemkuru, na hapo safari ikasimama. Mto ulikuwa umepanda juu ya daraja. Maji mekundu yalipita kwa kishindo, yamebeba magogo. Masudi alizima injini, akashuka, akatandika mkeka chini ya lori, akalala. Hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yake kwa abiria.

Lilikuwapo lori lingine linangoja pale, jipya, la Kichina, rangi bado inang'aa, limebeba saruji. Dereva wake aliitwa Abduli, kijana wa Dar es Salaam aliyevaa suruali ya bugaluu, pana kiasi kwamba kila mguu ungetosha kuwa gauni la mtoto. Alikuwa na miwani ya jua, na tope lilimsikitisha sana.

Tulikaa pale mpaka tukawa kijiji. Tuligawana kazi: wengine kuni, wengine maji, wengine kupika. Mama mmoja Mmwera aliingia porini na jembe, akarudi na ming'oko, ile mizizi myembamba tunayochimba siku za njaa na kuikumbuka siku za shibe. Tuliichemsha kwa chumvi iliyovuja kwenye gunia la Masudi. Abduli alisema yeye hali mizizi. Siku iliyofuata aliuliza imebaki mingapi.

Mchana Baba Mdogo aliwahutubia. Abduli alikuwa upande wake moja kwa moja: "Mzee unasema kweli. Tazama gari langu, tazama lile kopo la Masudi. Ya Marekani imekwisha." Masudi alifumbua jicho moja chini ya lori lake, akalifumba.

Maji yalipopungua, Abduli hakutaka kungoja. Aliwasha, akashuka ule mteremko kwa kasi, na kabla hajafika darajani magurudumu ya mbele yalizama kwenye tope mpaka kwenye mhimili. Alikanyaga mafuta, akazidi kuzama. Bugaluu zikabadilika rangi. Masudi aliamka, akatoa mnyororo, akaufunga nyuma ya lori jipya, akalivuta kinyumenyume mpaka pakavu. Baba Mdogo alikuwa ametazama pembeni muda huo wote, anachunguza ndege.

Kisha lori letu likapita mbele. Lilivuka daraja polepole, maji yanalamba magurudumu, sisi tunasoma kila dua tunayoijua. Tulipoanza kupanda ng'ambo ya pili likakohoa, likakohoa tena, likazima, likaanza kurudi nyuma kuelekea mtoni. Watu walipiga mayowe. Mimi nilikumbatia kuku wa mtu. Abduli alikuwa amekwisha kuvuka nyuma yetu. Hakukimbia. Aliisogeza pua ya gari lake ikagusa nyuma ya lori letu, akatuzuia, akaanza kutusukuma juu kidogo kidogo, mpaka tukafika kileleni.

Baba Mdogo alisimama juu ya magunia, mwavuli juu. "Mmeona! Mchina anamsukuma Mmarekani! Mmeona wenyewe!"

Masudi akatoa kichwa dirishani. "Mzee, hiyo ni gari tu. Teremka usukume na wewe."

Kitomanga, pilau lisilo letu

Lori la Masudi lilijikokota hadi Kitomanga, likavunjika springi. Akatuambia tutafute chakula, yeye atatafuta fundi.

Hatukutafuta. Chakula kilitutafuta. Hatujafika hata nyumba ya tatu, tulilakiwa na wanawake wenye vigelegele na ngoma, wakanipokea kikapu, wakamtandikia Baba Mdogo mkeka mpya chini ya turubai. Tulinawishwa kwa maji ya uvuguvugu. Pilau lililetwa kwenye sinia, nyama juu, na mzee mmoja akatufukizia udi.

"Mwanangu," Baba Mdogo alininong'oneza, "habari zetu zimetutangulia."

Mimi nilikuwa na wasiwasi, lakini nilikuwa na njaa zaidi. Tulipomaliza, mzee yule aliuliza kwa adabu kama tuna neno. Baba Mdogo Mtauka kuulizwa kama ana neno! Alisimama, akakohoa, akaanza: "Ndugu zangu, nimekuja kuwaambieni kwamba yule mkubwa mliyekuwa mkimwogopa, siku zake zimekwisha. Yuko mwingine anayeinuka!"

Wazee walitazamana. Nyuma nilisikia sauti ya mwanamke: "Mwingine tena?"

Wakati huo huo, barabarani kulisikika tarumbeta, likatokea kundi la watu wamevaa vizuri, wamebeba sanduku na kitanda cha samadari. Hao ndio waliokuwa wanangojwa, watu wa bwana harusi kutoka Mchinga. Sisi tulikuwa tumekula karamu yao, na Baba Mdogo alikuwa ametangaza hadharani kwamba bwana harusi amepitwa na wakati.

Nilitamani ardhi ifunguke. Nilimpigia magoti mama wa biharusi, Mama Zuhura, nikamweleza yote, mdahalo, mto, Marekani, China. Alinisikiliza mdomo umefumbwa. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akakaa chini.

"Pilau limekwisha kushuka, mwanangu, halirudishwi," alisema. "Kaeni. Mgeni wa Mungu hafukuzwi kwenye harusi."

Tukakaa. Nilimsaidia kuosha masinia, na hapo ndipo aliponieleza kwa nini maneno ya Baba Mdogo yaliwashtua watu. Binti yake alikuwa ameposwa kwanza na mwenye shamba la minazi, mtu mwenye uwezo. Huyo, alipokuwa mposaji peke yake, alikuja anapotaka, na kikapu cha zawadi nusu, na hakai mkekani mpaka afutiwe. Kisha akajitokeza wa pili, kijana mwenye mikorosho, anayeinukia.

"Basi yule wa kwanza akapoteza?" niliuliza.

"Apoteze nini? Minazi yake iko pale pale. Ila aliamka! Kikapu kikaanza kuja kimejaa, samaki wanachungulia. Na wa pili naye akaongeza. Mwezi ule tulikula, mwanangu, acha."

"Mwisho mkamchagua yupi?"

Mama Zuhura alijipangusa mikono kwenye kanga. "Tuchague sisi? Binti kachagua wa tatu. Huyu wa leo ni fundi wa mitumbwi. Hana minazi, hana mikorosho. Kampenda."

Lindi

Lindi tulifika asubuhi ya mdahalo wenyewe, nguo zina chumvi, miguu ina tope. Nilinawa kwenye bomba la sokoni, nikavaa kanga yangu. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Mstari wa mbele walikaa viongozi wa Chama na serikali, na kando ya meza, zimesimama baiskeli mbili nyeusi, zinameta.

Ofisa elimu ya watu wazima alitupokea kwa furaha. "Kikole! Tulijua mto umewameza. Haya, kaeni upande huu, nyinyi ndio wapingaji."

"Tunapinga nini?" aliuliza Baba Mdogo.

"Hoja. Wenzenu wa uwanda wa Makonde watasema Marekani inashuka. Nyinyi mtapinga."

Ndipo nilipoelewa. Huyo mjumbe wetu alikuwa ameambiwa kwamba hoja ni Marekani inashuka, na Kikole wapinge. Kipande cha mwisho alikidondosha njiani.

Baba Mdogo alinivuta nje, nyuma ya ukumbi. Sijawahi kumwona vile. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu mwingine.

"Mwanangu, mimi siwezi. Unajua nilikata mkonge mashambani humu humu Lindi. Niliitwa kwa filimbi kama mbwa. Mkubwa yule alikuwa Mzungu mwingine, si Mmarekani, najua. Lakini nilijiapia kwamba kinywa hiki hakitamtetea mkubwa yeyote wa dunia hii. Nikisimama pale nitanyamaza tu."

"Basi turudi?" Nilisema hivyo, lakini macho yangu yalikuwa yanamwona Mwanahamisi kwenye machela.

"Nimesema mimi siwezi," alijibu. "Sikusema wewe huwezi." Na akanirekebishia kanga begani, kama baba anayempeleka binti yake kwa watu.

Msemaji wa Makonde alitangulia. Aliitwa Kosmasi, mkulima wa korosho, mtu mrefu mwenye sauti tamu, na niseme ukweli wake, alisema vizuri mno. Aliuliza nani aliyekataa kujenga reli ya kwenda Zambia, na nani anayeijenga. Aliuliza jitu gani hilo linalotoka jasho Vietnam mbele ya wakulima wa mpunga. Akainua karai, akainua tochi, akauliza vimetoka wapi. Ukumbi ukajibu kwa pamoja, "China!" Mwisho akashusha sauti: "Ndugu zangu, mkubwa hufuatwa, hafuati. Lakini Rais wa Marekani mwenyewe alipanda ndege akaenda Peking. Sasa nani mkubwa?"

Makofi yaliyopigwa yalitikisa mabati. Hata mimi nilikaribia kupiga.

Nikaitwa. Niliwasalimu, nikawaangalia, na kwa kuwa hotuba sikuwa nayo, nikaanza na kile nilichokuwa nacho. Nikawasimulia Bi. Mwanaisha na sanda yake. Walicheka. Nikawaambia: "Mnacheka, lakini mtu ambaye jina lake limo hata katika sanda zetu, na nguo yenyewe haitengenezi tena, huyo hajashuka. Mimi nikifa leo Kikole, miaka michache baadaye nani atalitaja jina langu? Yeye tunalitaja kila tukizika."

Hapo bwana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu mfukoni, akasimama bila kuitwa. "Ndugu msemaji, wewe ni mjamaa au ni kibaraka?"

Nilimwona ofisa anatazama viatu vyake. Nilijua nikijibu vibaya, nitapoteza zaidi ya baiskeli. Lakini swali lile lilinikasirisha, na hasira ikanifungua mdomo.

"Ndugu yangu," nilisema, "mimi nakaa kijijini, karibu na pori. Simba akinguruma, akatokea mtu akasema, huyo simba amezeeka, laleni milango wazi, sisi hatumwiti mjamaa. Tunamwita adui. Kusema simba yupo si kumkaribisha nyumbani. Ni kufunga mlango."

Nilisikia sauti moja nyuma, kubwa kuliko zote: "Sema, mwanangu!" Ukumbi ukalipuka. Yule bwana alisimama kidogo, kisha, namshukuru kwa hilo, akacheka, akakaa, akapiga makofi.

Baada ya hapo sikuogopa tena. Nilimgeukia Kosmasi. "Kaka yangu anasema aliyekwenda Peking ni mdogo kwa sababu amekwenda. Kwenu Makonde mnaposaje? Msichana ndiye anayemwendea mwanamume na kikapu? Kwetu anayebisha hodi na posa ni mwenye kitu cha kutoa na nguvu ya kukibeba." Nikawaeleza ya Kitomanga, mwenye minazi na mwenye mikorosho. "China inapanda, na mimi nafurahi, karai hilo hata mimi ninalo. Lakini minazi ya yule wa kwanza iko pale pale. Kupanda kwa wa pili hakukumwangusha. Kumemwamsha! Na mkubwa aliyeamka ni wa kuangaliwa kuliko aliyelala."

"Na binti kamchagua nani?" akapaza sauti mama mmoja dirishani.

"Kachagua wake," nilisema. "Wote wawili walileta vikapu, familia ikala, na binti akafunga ndoa na aliyemtaka. Nasi Tanzania tuna macho. Asanteni."

Sikumbuki nilivyorudi kitini. Nakumbuka mkono wa Baba Mdogo umenishika kiganja. Waamuzi walikwenda faragha, wakakaa, wakarudi. Aliyesimama kusoma alianza kwa kumsifu Kosmasi kwa maneno marefu. Kisha akasema: "Hata hivyo, ushindi ni wa Kikole."

Nilipiga kigelegele changu mwenyewe. Sikungoja mtu.

Kosmasi alikuja kunipa mkono. "Dada, kuni nimezikata mimi, ukanichomea kwazo." Kisha akainamia zile baiskeli, akazichunguza kwenye shingo palipoandikwa herufi za Kichina, akaanza kucheka. "Tazama! Umeitetea Marekani mchana kutwa, na anayekulipa ni Mchina!"

Tulicheka wote watatu mpaka ofisa akaja kuuliza kuna nini.

Kurudi

Jioni ile Kosmasi alitupeleka uwanja wa mpira akanifundisha kuendesha. Baba Mdogo alishika kiti, akakimbia nyuma yangu akinihutubia. Nilianguka mbele ya vijana wa Lindi mara nyingi, wakacheka, na mara ya mwisho sikuanguka, wakapiga miluzi.

Njia ya kurudi tulipanda na Masudi, baiskeli zimefungwa juu ya magunia. Na hapa utaniwia radhi, Baba Mdogo, lakini lazima niseme. Mtu huyu aliyekataa kuitetea Marekani, kila tuliposimama alisimulia mdahalo wote kuanzia salamu, na upande alioutetea kwa nguvu ulikuwa wa kwangu. Kitomanga alisimulia. Mbwemkuru alisimulia, mto ukiwa umelala kimya kana kwamba haukutufanya kitu. Kivinje alimsimulia Bi. Mwanaisha, naye akasema alijua tangu mwanzo kwamba marekani haishuki, Hashimu hana tabia hiyo.

Nje ya Kikole nilishuka nikajifunga kanga vizuri, nikapanda baiskeli, nikaingia kijijini naendesha. Watoto walianza kupiga kelele, kisha mama zao, kisha ngoma ikatoka nyumba ya mwenyekiti. Mwanahamisi hakupiga kelele. Alikuja akashika kile kiti cha nyuma, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili kupima kama kitahimili mtu, akaitikia kwa kichwa. Wiki hiyo hiyo alikipanda yeye kwenda zahanati, kumsindikiza mke wa mwalimu wetu aliyeshikwa na uchungu, akiwa juu ya baiskeli ya pili, na walirudi watatu.

Kesho ya siku tuliyofika, mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji. Baba Mdogo alipomaliza kusimulia, na jua likawa limehama upande, mwenyekiti aliniita mbele.

"Somoe binti Likwata, hapa si Lindi, hakuna waamuzi. Tuambie kweli. Marekani inashuka au haishuki?"

Niliwatazama wote, wanaume kwa wanawake, wameinua nyuso.

"Mwenyekiti," nilisema, "walinipa upande huu nikashinda. Wangenipa ule mwingine, ningeshinda pia. Wakubwa wapande, wakubwa washuke. Sisi leo tunajua kubishana nao. Ila nina mengi ya kuwaambieni kuhusu China, na koo limenikauka."

Mtu akakimbia kuniletea maji. Mkutano mzima wa Kikole ukaningoja ninywe.